Tupeane uzoefu: akili mnemba ilikupotosha wapi kwenye utafiti?

#1
Wakuu, naanza na langu. Nikiandika tasnifu, niliiomba chatiboti marejeo kumi. Ikanipa kila kitu: waandishi, mwaka, jarida, kurasa, hadi namba ya DOI (ile namba ya kudumu ya kutambulisha makala mtandaoni). Kuyasaka, manne hayapo popote. Jarida ni la kweli, waandishi wawili ni watu kweli, ila makala hizo hazijawahi kuandikwa. Nikaihoji, ikaomba radhi, kisha ikaleta mengine manne, nayo ya kubuni! Hapo ndipo nilipoogopa. Siku hizi sinukuu nisichokifungua mwenyewe. Wenzangu je?

#2
Pole sana mkuu. Chatiboti kazi yake ni kukisia neno linaloelekea kufuata, na kuunda kitu chenye sura ya rejeo hakuishindi. Mwaka 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000, katika kesi dhidi ya shirika la ndege la Avianca, kwa sababu waliwasilisha mahakamani hukumu zilizobuniwa na ChatGPT. Wakili mmoja alikuwa ameiuliza kama kesi ni ya kweli, ikamjibu ndiyo. Kwa hiyo usiifanye shahidi wa maneno yake yenyewe.

#3
Mimi yalinikuta kwenye muhtasari. Makala ya kweli, nimeipakia mwenyewe. Chatiboti ikaniandikia kwamba dawa "ilipunguza maumivu", wakati watafiti wamesema tofauti haikuwa na maana kitakwimu, yaani huenda ilitokea kwa bahati tu. Nilishajenga aya nzima juu ya kosa hilo. Sasa naidai sentensi yenyewe, neno kwa neno, halafu naitafuta ndani ya makala. Nisipoiona, hoja naifuta.

#4
Mimi inanifaa sana kwa istilahi. Nilihangaika kutafuta kwa nini tafiti zisizopata matokeo hazionekani majaridani. Ikaniambia wataalamu wanaita "upendeleo wa uchapishaji". Nikaenda Google Scholar, mtambo wa kutafuta makala za kitaaluma, nikasoma mwenyewe. Ila mahojiano ya watu siyabandiki kwenye chatiboti kamwe. Niliwaahidi usiri, na sijui maneno yao yatahifadhiwa wapi.

#1
#4 umenishtua. Mimi nilibandika mahojiano mawili, pamoja na majina, ili inipangie mada. Nimeyafuta kwenye akaunti yangu, na sasa hivi namwandikia msimamizi wangu nimweleze.