Mazoezi ya moto kwenye maghorofa ya Posta ni maigizo matupu, siku ukiwaka kweli tutafia kwenye ngazi

Wakuu salaam, nina hasira hapa nilipo kwa hiyo nitaandika bila mpangilio, mnivumilie.

Nafanya kazi kwenye ghorofa moja hapa Posta Dar, ofisi yetu iko floo ya 11, jina la jengo siliweki maana bado nakula hapo. Juzi tumefanyishwa zoezi la kujiokoa na moto. Tangazo lilikuja wiki nzima kabla, kwenye imeili na grupu la WhatsApp, mpaka saa imetajwa, saa nne asubuhi, na eti "tafadhali vaeni viatu vya chini". Sasa jamani moto gani unakuarifu uvae raba? Nusu ya floo yetu siku hiyo wakajipangia vikao vya nje, na mabosi ndo kabisa, saa tatu na nusu walishashuka na lifti wako ng'ambo ya barabara wanakunywa kahawa, wakarudi wakati wa picha.

King'ora kikalia. Upande wa stoo hakisikiki kabisa, ikabidi jamaa mmoja aliyevalishwa reflekta apite anagonga vioo.

Tunafika kwenye mlango wa ngazi za dharura, ule mzito unaojifunga wenyewe, uko wazi umeegeshwa na kitu. Kilichouzuia usijifunge ni mtungi wa kuzimia moto! Yaani mtungi ndo umekuwa jiwe la mlango, na uko hivyo kila siku ili watu wa usafi wapite na ndoo zao. Ule mlango kazi yake ni kuzuia moshi usiingie kwenye ngazi, na moshi ndo unaoua watu kabla hata moto haujawafikia, kwa hiyo ukianza kuwaka floo ya 3 na milango yote imeegeshwa hivyo, sisi wa juu hatuna pa kupita, tumekwisha.

Tukashuka. Floo ya 6 kuna maboksi ya mafaili na sofa bovu la watu, tunapita mmoja mmoja. Kufika chini kabisa, mlango wa kutokea nje una kofuli. KOFULI wakuu. Namuuliza mlinzi, kaka ufunguo uko wapi, ananijibu "anao supavaiza bosi, ametoka kidogo". Huku nyuma watu wanazidi kuja, wanasukuma kama mwendokasi ya Kimara asubuhi, wa juu hawajui wa chini wamekwama, na kinachoniudhi zaidi kila mtu anacheka kwa sababu si ni zoezi tu. Mwisho tukapanda tena floo moja tukatokea mapokezi. Sababu ya kofuli eti wezi wa laptop walikuwa wanatorokea hapo. Mwaka 2009 mwezi wa kwanza supamaketi ya Nakumatt katikati ya Nairobi iliungua wakafa watu zaidi ya 20, na manusura walisimulia habari za milango iliyofungwa. Mlango wa dharura unatakiwa ufunguke kwa kuusukuma tu kutokea ndani, kama unaogopa wezi weka kengele ipige ukifunguliwa, siyo kofuli!

Tuna dada mmoja anatumia kiti cha magurudumu. Huyu aliambiwa "wewe baki tu dada, usihangaike". Akabaki peke yake floo nzima anatuangalia tunaondoka. Nikamuuliza mtu wa HR siku ya kweli huyu anashukaje, lifti si inakatazwa, umeme ukikatika inakwama na uwazi wake unavuta moshi kwenda juu, akanijibu Mungu atasaidia. Kuna viti maalumu vya kumshushia mtu kwenye ngazi, vipo, vinauzwa, na unateua watu wawili wa floo hiyo hiyo wajifunze kukitumia. Zoezi linalomwacha mtu mwenye uhitaji kuliko wote ni zoezi la nini?

Pa kukusanyikia nako ni kituko, kibao kiko pembeni ya jenereta na tanki lake la dizeli. Majina yakasomwa kwenye karatasi ya zamani, akaitwa jamaa aliyeacha kazi zamani, watu wakaangua kicheko. Wageni, vijana wa field, mama anayeleta chakula, hakuna aliyewahesabu. Daftari la wageni lilibaki ndani, mezani. Baadaye ripoti inatoka, "zoezi limefanikiwa kwa kiwango kikubwa", na picha ya bango.

Najua atakuja mtu hapa aseme shukuru nyie mnafanya, wengine hata zoezi hawana. Sikubali. Yule jamaa wa ulinzi wa Morgan Stanley pale New York, Rick Rescorla, alikuwa anawashusha watu ngazi mara kwa mara, na mabosi wakubwa wananuna kwamba anakatiza kazi, hakujali. Septemba 11, 2001, magaidi walipogonga maghorofa ya World Trade Center kwa ndege, karibu wafanyakazi wote wa kampuni yake kwenye lile jengo wakatoka salama, yeye akafia humo kwa kurudi kutafuta waliobaki. Zoezi linatakiwa likuumbue! Usitangaze saa, ziba ngazi moja makusudi uone watu watafanyaje, pima muda, andika kila kilichokwama na jina la wa kukirekebisha. Hata namba ya Zimamoto, 114, nimeuliza ofisini kwetu wengi hawaijui.

Nimemwandikia meneja wa jengo, kajibu "tumepokea maoni yako". Sasa mwenye kujua utaratibu wa kulifikisha hili OSHA (wale wa serikali wanaosimamia usalama kazini) au Zimamoto waje wakague bila jina langu kufika kwa bosi anielekeze, hata inbox, maana mkataba wangu unaisha mwezi wa sita na hawa watu wana visasi.