Naomba ushauri: makala za video za wanyama na sayansi kwa Kiswahili, za kumwekea mzee

Habari za jioni wakuu. Niko Tukuyu, naishi na baba yangu mzazi, mkulima wa chai. Tangu miguu ianze kumsumbua, starehe yake kubwa ni makala za wanyama, volkano na nyota. Mpira hautaki, tamthilia ndiyo kabisa. Tatizo nyingi zinasimuliwa kwa Kiingereza, na maandishi ya chini macho yake hayayafikii, kwa hiyo inabidi nikae pembeni nitafsiri.

Juzi tumbili mmoja alipotokea, mzee akachukua rimoti akasimamisha picha, akasogea hadi karibu kugusa kioo. Akasema, "Huyu siyo kipunji. Kipunji ana nywele zimesimama utosini." Na ni kweli! Kipunji ni aina ya tumbili wa huku; wanasayansi walimwona hapa Mlima Rungwe mwaka 2003, wakamtangaza 2005, lakini wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake zamani. Nilifurahi sana kumwona mzee anabishana na televisheni.

Sasa naombeni msaada. Wapi napata makala zilizosimuliwa kwa Kiswahili, hasa za huku kwetu: hifadhi ya Kitulo na maua yake, Ziwa Ngozi, hifadhi ya Ruaha, kimondo cha Mbozi? Mvua za huku zikikolea kisimbuzi kinakata, kwa hiyo ningependa za kupakua niweke kwenye flashi. Na kama kuna mwenye mzazi wa namna hii, mnatazamaje pamoja bila kumkatiza kila dakika kwa tafsiri?