Fundi cherehani na saa janja: itanitoa kwenye simu au itaniongezea kelele?

MamaUzi
Habari zenu wadau. Mimi ni fundi cherehani, fremu yangu iko Mwenge. Wiki iliyopita nimeunguza gauni la mteja. Nilikuwa napiga pasi bitana ya satini, simu ikalia, nikasema ngoja nione kama hela imeingia. Kumbe ni kundi la harusi ya binamu, wanakumbushana michango. Kutoka hapo nikaingia kwenye status, kutoka status nikajikuta namwangalia mtu wa nchi sijui gani anaosha zulia. Zulia lenyewe lilikuwa chafu kweli, nikataka kuona mwisho wake. Pasi ikaniita kwa harufu.

Kitambaa nimelipa. Sasa simu siwezi kuizima: wateja wananitumia humo picha za mishono, malipo yanaingia humo humo, na shule ya mwanangu wakipiga lazima nipokee. Shemeji ananiambia ninunue saa janja, kaiona Kariakoo Sh 45,000, nitajua nani kapiga bila kushika simu. Mume wangu anasema hiyo ni kelele ya kujifunga mkononi. Aliyeitumia kwenye kazi ya mikono anieleze. Mambo ya kuhesabu hatua na usingizi sina haja nayo, usingizi wangu naujua.

Kaka_Sinza
Zima data. Bure kabisa.

MamaUzi
Nikizima data mteja anahamia kwa fundi wa fremu ya pili, kaka.

Fundi_Chipu
Dada, ukiivaa kama ilivyotoka dukani, mumeo kashinda. Saa nyingi za bei hiyo hazina laini yake, zinapokea kwa Bluetooth chochote kinachotokea kwenye simu, na makundi yote yatahamia mkononi. Fungua programu yake kwenye simu, nenda kwenye arifa, zima zote. Acha simu zinazopigwa na SMS tu. Ujumbe wa malipo huja kwa SMS, kwa hiyo utauona. WhatsApp izime bila huruma, picha za mishono hazitaonekana kwenye kioo kile hata hivyo.

Halafu kuna jambo linalowarudisha watu kwangu wakidai saa mbovu: simu nyingi za Android huifunga programu ya saa zenyewe ili kuokoa chaji. Nenda kwenye mipangilio ya betri, iruhusu iendelee kufanya kazi. Umbali ni kama mita 10 pakiwa wazi, ukuta ukikatiza unapungua.

Ukiambiwa inapima presha, cheka uondoke. Inamulika taa ya kijani kwenye ngozi na kusoma mwanga unaorudi. Mteja mmoja mbishi nilimfungia saa yake kwenye roli la karatasi, ikasoma mapigo ya moyo.

BintiMvita
Mie nimeivaa mwaka wa pili huu, niko Mombasa. Hilo la arifa ni kweli, lakini hawajakwambia la adabu. Ikitetemeka hutazama mkono, na aliye mbele yako huona wataka aende zake. Mamangu mkwe siku moja kanywa chai nusu, kachukua buibui lake kaondoka. Nikamweleza kuwa nilikuwa nasoma ujumbe. Akanambia, "Mwanangu, saa ni saa." Sasa wageni wakija naivua.

MamaUzi
Narudi baada ya wiki tatu. Nimeinunua, nikafanya kama alivyosema Fundi_Chipu. Simu inakaa kwenye droo chini ya bobini. Siku mbili za kwanza mkono ulikuwa unakwenda kwenye droo wenyewe, sina hata ninachotafuta. Mlangoni nimebandika karatasi: picha za mishono naangalia saa nne na saa kumi, mwenye haraka apige. Mteja mmoja kanuna, wengine wamezoea.

Juzi saa ikatikisika: "Umepokea Sh 30,000." Mteja yuko mbele yangu, keshakunja nguo yake. Nikatazama mtumaji, namba ya mtu wa kawaida. Nikatoa simu nikaangalia salio, hakuna kitu. Nguo ikarudi kwenye henga. Kwa hiyo, mafundi wenzangu, kwenye hela saa inawaambia tu muende mkaangalie salio.

Shida yangu ni mahali pa kuivaa. Mkono wa kushoto nina kimto cha pini. Kulia inagonga gurudumu la cherehani, na mkanda ulishanasa lesi ya watu. Nimeamua kuifunga kwenye shingo ya cherehani, machoni pangu kabisa. Jana ikasoma mapigo ya moyo 71, cherehani langu ni mzima wa afya. Ila ikitetemeka pale chuma chote kinavuma kama mzinga wa nyuki, mwanafunzi wangu karuka kwenye kiti. Fundi_Chipu, kuna mahali pa kupunguza mtetemo?

Fundi_Chipu
Kwenye aina hiyo hakuna. Ikalishe juu ya kipande cha kitambaa. Hicho unacho.