"Boil" siyo "chemsha" tu! Programu za kufundishia Kiingereza zimeniharibia sufuria na akili

Wakuu, naandika nikiwa nimepandwa na hasira, kwa hiyo mnivumilie nikipitiliza. Mwezi wa nne huu najifunza Kiingereza cha jikoni kwenye simu, programu ya kulipia (jina sitaji, sitaki kesi). Neno la kwanza la somo la kwanza lilikuwa "boil". Picha ya sufuria inafuka moshi, chini wameandika "chemsha". Unabofya, unapewa alama ya vema, unasonga mbele kama vile neno limeisha.

Halijaisha. Wiki iliyopita nikasema niachane na kubofya, nipike kabisa kwa kufuata maelekezo ya Kiingereza. Mchuzi wa nyama, mstari wa tatu: "Bring to the boil, then simmer for two hours." Nikaangalia "boil" kwenye kamusi yao: chemsha. Nikaangalia "simmer": chemsha. Yaani chemsha, halafu chemsha saa mbili. Nikajua wanasisitiza. Nikaweka moto wa mwisho, kifuniko kinarukaruka kama kina pepo, mimi nimekaa nahesabu dakika. Nilipokuja kufunua, mchuzi ulikuwa umekauka na kugandia chini, mweusi, na nyama ngumu kiasi kwamba kisu kilikuwa kinateleza juu yake.

Kumbe tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo mapishi yenyewe! "Boil" ni maji kuchemka hasa, mapovu makubwa yanapinduka sufuria nzima, nyuzi 100 za Selsiasi kwa aliye usawa wa bahari. "Simmer" iko chini kidogo ya hapo: unapunguza moto, viputo vinapanda kimoja kimoja, chakula kinatokota polepole. Nyama ngumu inalainika kwa huo utaratibu, ukiipelekea moto mkali misuli yake inajikaza. Na Kiswahili kina maneno ya kutosha kuyasema haya. "Acha itokote kwa moto mdogo", kuna mtu angeshindwa kuelewa? Lakini mtengeneza kamusi kaona "chemsha" inatosha kwa kila kitu chenye maji na moto.

Ngojeni, bado. Nikasema labda kosa ni langu, nikabandika maelekezo yote kwenye kitufe chao cha tafsiri. Mstari uleule ukarudi hivi: "Leta kwenye jipu, kisha chemsha kwa saa mbili." JIPU! Nilicheka, halafu nikakumbuka nimelipa.

Nikaenda kutafuta mwenyewe, na kweli "boil" ni jipu pia. Ila ni wajina tu, hawana undugu. Ile ya kuchemka Waingereza waliichukua kwa Wafaransa, na mzizi wake ni Kilatini, neno la kutoa mapovu. Ya jipu ni ya Kiingereza cha kale, ilikuwepo tangu zamani na tahajia yake. Zikaja kufanana kwa maandishi na matamshi basi. Ujanja wa kuzitenganisha ni mwepisi mno: ukiona "bring to" au "come to" kabla yake, hiyo ni sufuria, ukiona "on my neck" (shingoni mwangu), huyo anahitaji daktari. Sentensi moja tu ya maelezo. Miezi minne hakuna aliyeona haja ya kuniandikia.

Halafu mtihani. "The kettle is boiling." Nikaandika "Maji yanachemka". Kosa! Jibu lao: "Birika inachemka." Jamani, birika ni chuma, inachemkaje? Waingereza wanataja chombo wakimaanisha kilichomo, na mpishi yeyote anajua kinachochemka ni maji. Swali jingine nikaandika "bring to the boil", wakanikata, eti ni "bring to a boil". Ya kwanza ni ya Uingereza, ya pili ni ya Marekani, zote sahihi. Na somo lao wenyewe limejaa ya kwanza!

Kwa hiyo mtihani wa kuchemsha nimechemsha. Cheka tu.

Kingine kinachoniudhi ni mgawanyo wa kazi. Sisi maji yanachemka, mtu anachemsha, viazi tunatokosa. Mwingereza yote anasema "boil": "the water boils", "I boil the water", "the potatoes are boiling". Anayejua anasoma sentensi nzima kwanza ndipo achague kitenzi. Programu haisomi sentensi, inaona neno inalirukia.

Ukitoka jikoni ndiyo balaa zaidi. "It boils down to money" wao wameiweka "Inachemka chini hadi pesa". Maana yake ni kwamba ukiondoa maneno mengi, kinachobaki ni pesa, kama mchuzi unavyopungua motoni ukabaki uzito wake. Mtu akisema "I'm boiling" hajakasirika lazima, huenda anasikia joto tu, mfungulie dirisha. Lakini "it makes my blood boil" ni hasira tupu. Hapo mswahili anateleza kirahisi, maana sisi damu ikimchemka mtu mara nyingi tunafikiria ujana.

Kuna moja nililifurahia, nikiri. "Boil over". Maziwa yakipanda yakamwagika jikoni, Mwingereza anasema hivyo. Mtu akishindwa kuzuia hasira akalipuka, anasema hivyohivyo. Na sisi tuna neno linalofanya kazi zote mbili, KUFOKA. Chungu kinafoka, mtu anafoka. Lugha mbili zisizojuana zimekutana mdomoni mwa sufuria. Somo zuri kama hilo ungedhani mwalimu angelikimbilia.

Nikawaandikia, nikaeleza yote haya kwa adabu, na picha ya sufuria nikaambatanisha. Wakajibu kwamba maoni yangu wameyapokea na nimeongezewa pointi hamsini. Jana usiku nikafungua somo jipya. Sentensi ya kwanza: "Don't let the milk boil over." Nikatabasamu, nikaandika kwa kujiamini: "Usiache maziwa yafoke."

Kosa. Jibu sahihi: "Usiruhusu maziwa yachemke juu."

Mwenye kujua namna ya kusitisha malipo ya kila mwezi kabla hawajakata tena, anielekeze hapahapa.