Naomba ushauri, hadithi yangu msimulizi ni kasa
Wadau habarini, niko Lamu, naandika hadithi anayosimulia kasa mwenyewe, mama anarudi usiku ufuoni Shela kutaga mayai yake mia na kitu. Nilishawahi kumshuhudia mmoja, anafukia shimo kwa mapezi ya nyuma taratibuuu huku machozi mazito ya chumvi yanamtoka na mchanga umemganda shavuni, yaani sijasahau mpaka leo. Sasa nimekwama, kasa akishataga anarudi zake baharini, vitoto vinatoka kama siku 60 baadae na vikiona taa za hoteli vinadhani bahari iko huko, vinapotea vinakufa, na mama hayo hayaoni. Ayasimulie vipi? Nimwachie kitoto asimulie? Halafu taa aiite nini, nyota?