Dar–Mwanza Desemba na mtoto mdogo: ndege, basi, au SGR mpaka Dodoma kisha basi?

Baba_Kulwa
Wakuu, habari za majukumu. Desemba hii natoka Dar kwenda Mwanza na mtoto, hajawahi kuvuka Kibaha tangu azaliwe. Nina njia tatu kichwani: ndege moja kwa moja, basi la kutoka stendi ya Magufuli, au treni ya SGR mpaka Dodoma halafu niunge basi. Kwa mliosafiri na watoto, ipi ina unafuu na ipi haitanitoa roho? Nataka kukata tiketi wiki hii kabla bei hazijapaa. Karibuni.

Nkoi_wa_Magu
Naweka kambi hapa, ngoja waje wajuzi.

MamaPampasi
Mtoto ana umri gani? Ananyonya? Mko wangapi? Mnarudi lini? Mleta mada unauliza bei ya kushona gauni na vipimo hujatoa.

Konda_Mstaafu
Basi, mkuu, usipoteze hela. Siku hizi mabasi yanatembea usiku tangu walipoondoa katazo 2023. Unapanda jioni, mtoto analala, unaamka uko Singida unakula kuku. Hela ya ndege nunua kiwanja Kisesa.

Shangazi_Igoma
Konda, mtoto anaharisha saa nane usiku mmeshavuka Manyoni, dereva anasema "subirini mbele tutachimba dawa". Hiyo mbele ni wapi? Wewe ulikuwa unakaa mlangoni na upepo wako, sisi tulikuwa kiti cha nyuma na pampasi kwenye mfuko wa rambo.

Baba_Kulwa
Umri ni mwaka na miezi kadhaa, anakaribia miwili. Hanyonyi tena, anakula kila kitu mpaka remote. Mama yake yuko Nyegezi, anasoma, ndiyo maana nasafiri mwenyewe. Kwenda 20 Desemba, kurudi 4 Januari.

MamaPampasi
"Anakaribia miwili" si jibu, taja tarehe ya kuzaliwa. Hapo ndipo hela ilipo. Kwenye ndege mtoto wa chini ya miaka miwili anakaa mapajani na kwa kawaida analipa kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, bila kiti. Akishatimiza miwili anakuwa na kiti chake na nauli ya mtoto, ambayo haiko mbali sana na yako. Na wanaangalia umri wa siku ya safari, siyo siku uliyokata tiketi. Akitimiza miwili mkiwa Mwanza, tiketi ya kurudi ni nyingine kabisa.

Baba_Kulwa
Duh. Anatimiza tarehe 27 Desemba.

Nkoi_wa_Magu
😂😂 Siku saba tu, mkuu. Hata huyo mtoto angesubiri kidogo.

Mjasiria_Mali
Andika kazaliwa Februari. Nani anahesabu meno ya mtoto pale kaunta?

MamaPampasi
Wanahesabu. Wanaomba cheti cha kuzaliwa, na cheti cha RITA kina tarehe. Wakigoma utalipa kiti palepale kwa bei ya siku hiyo, Januari, watu wote wanarudi Dar. Usimpe mwenzio ushauri ambao gharama yake hulipi wewe.

Mgogo_wa_Kizota
Watu wanaruka SGR kama vile haipo. Dar–Dodoma ni saa tatu na kitu hadi nne, choo ndani, mtoto anatembea kwenye behewa anapungia watu. Nauli ilipoanza 2024 ilikuwa 31,000 daraja la kawaida, na mtoto wa chini ya miaka minne hakulipishwa. Hakuna usafiri rafiki kwa mtoto kama ule hapa nchini, nabishana na yeyote.

Konda_Mstaafu
Na ukifika Dodoma? Bado una kama kilomita 700. Basi za Dar zinapita zimejaa, Desemba hakuna kiti cha kuunga. Utalala gesti Nanenane na mtoto analia anataka mama yake. Mgogo, unampenda huyo jamaa au unaipenda treni?

Mgogo_wa_Kizota
Naipenda treni, sikatai. Lakini basi za kuanzia Dodoma zipo, akate mapema. Reli ya Mwanza ikikamilika mtanitafuta.

Shangazi_Igoma
Ngoja niwasimulie ya ndege, maana humu watu wanaisifia kama vile ukipanda tu umefika.

Mwaka juzi nilitoka Dar na mjukuu, kijana wa mwaka mmoja na nusu. Kampuni siitaji. Tiketi imeandikwa saa nane mchana, nikafika saa sita kama walivyosema. Kaunta wakanipa kadi ya kupandia, vizuri, dada mchangamfu, kigari cha mtoto wakakibandika karatasi wakasema utakiachia mlangoni mwa ndege. Saa nane ikapita. Wakatangaza saa kumi. Mtoto kala ndizi, kala uji wa chupa, kala biskuti za kijana mmoja aliyekaa jirani ambaye sikumjua. Saa kumi wakatangaza kumi na mbili. Hapo alikuwa ameshazunguka ukumbi wote, amelala chini ya viti mara mbili, amegoma kuvaa viatu. Nauliza sababu, naambiwa "operesheni". Nikaomba maji ya moto nimkorogee maziwa, mgahawa wa pale ndani wakaniuzia maji kwa bei ya soda, na yalikuwa ya vuguvugu.

Tuliitwa saa mbili usiku. Na unajua mtoto kalala saa ngapi? Saa moja na dakika hamsini. Kwa hiyo nimembeba mgongoni, mkoba bega hili, kigari mkono ule, ngazi za ndege, mvua ya rasharasha. Nimeshakaa, mhudumu ananiambia nifungue mbeleko, mtoto akae mapajani na afungwe mkanda mdogo unaopita kwenye mkanda wangu. Kafunguliwa, kaamka. Akalia kutoka Dar mpaka ziwa linaonekana, na usiku halionekani. Mzee mmoja wa mbele akageuka akaniambia "mnyonyeshe". Mimi! Bibi wa miaka hamsini na sita!

Kigari kilifika Mwanza na magurudumu matatu. Nikaandika fomu. Fomu ipo mpaka leo.

Kwa hiyo Baba Kulwa, ukienda kwa ndege kata ya asubuhi kabisa. Zikianza kuchelewa mchana zinachelewa mpaka usiku. Na chakula beba mara mbili ya unachodhani.

Nkoi_wa_Magu
"Mnyonyeshe" 😂😂😂 shangazi nimecheka ofisini.

Mjasiria_Mali
Ila shangazi, safari yenyewe ya angani ni saa moja na nusu tu. Konda anakaa barabarani mchana na usiku.

Konda_Mstaafu
Dawa ipo. Kijiko kimoja cha ile dawa ya mafua inayoleta usingizi, mtoto analala mpaka Shinyanga. Tumelea watoto hivyo.

NesiWaZamu
Konda, hapana, na naomba mtu asifuate hili. Dawa za mafua za kulevya usingizi hazitakiwi kwa mtoto wa umri huo bila daktari. Zinaweza kupunguza upumuaji, na kuna watoto zinawafanya kinyume, badala ya kulala wanachachamaa. Utakuwa kwenye basi au ndege na mtoto aliyelewa, hujui umfanye nini.

Kinachowaliza wengi ni masikio. Kuna mrija mwembamba unaounganisha sikio la kati na koo, kwa watoto ni mwembamba zaidi na umelala, unachelewa kufunguka hewa inapobadilika. Kumeza ndiko kunaufungua. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huwa kama uko kwenye mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400. Sasa sikiliza: Mwanza yenyewe iko juu, ziwa liko mita 1,134. Kwa hiyo kushuka Mwanza si mbali. Kushuka Dar ni mpaka usawa wa bahari, masikio yanasukumwa zaidi. Maji ya chupa na kitu cha kunyonya viweke hasa kwa ajili ya kurudi. Anza wakati ndege inaanza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, usisubiri magurudumu. Akiwa amelala mwamshe. Na kama ana mafua makali au sikio linauma, mpeleke kwanza hospitali kabla ya safari.

MamaPampasi
Nesi asante, hii ya Mwanza kuwa juu sikuwahi kuifikiria. Wangu alikuwa analia Dar tu, nikadhani hapendi joto.

Konda_Mstaafu
Sisi tumekua bila mirija hiyo.

Rubani_wa_Mezani
Kuna jambo mnaliruka: mtoto wa mapajani ndiye abiria pekee kwenye ndege ambaye hana kiti chenye mkanda wake mwenyewe. Julai 1989 ndege ya United 232 ilianguka Sioux City, Marekani. Walikuwemo watoto wa mapajani wanne, na wahudumu waliwaambia wazazi wawalaze sakafuni kabla ya kugonga ardhi, ndivyo utaratibu ulivyokuwa. Mmoja alikufa. Mhudumu mkuu wa ndege ile alitumia miaka mingi baadaye akidai kila mtoto awe na kiti chake.

Mamlaka ya anga ya Marekani ilikataa kulazimisha. Hoja yao: ukilazimisha wazazi kununua kiti, wengi wataacha ndege watapanda gari, na barabarani watakufa watoto wengi kuliko utakaowaokoa angani. Kwa hiyo hata wanaobishana kuhusu mapaja wanakubaliana kwamba barabara ni mbaya zaidi. Konda, jibu hapo.

Konda_Mstaafu
Najibu nini, Marekani hawana kuku wa Singida.

Mgogo_wa_Kizota
Rubani, na treni je? Umeiruka tena.

Binti_wa_Ruwi
Salaam kutoka Muscat. Mie huja Dar na wanangu kila likizo. Nyie mwazungumza saa moja na nusu, sie tuna saa tano na zaidi. Kile kitanda kidogo cha kutundika ukutani mbele ya viti ni kwa wachanga tu, kina kikomo cha uzito, wa karibu miaka miwili hakimfai, msidanganywe. Kilichonisaidia ni vitu vidogo vipya asivyovijua, namtolea kimoja kimoja. Na nguo ya kubadili yangu mimi, siyo ya mtoto peke yake, maana akitapika hutapikia wewe.

NesiWaZamu
Hilo la nguo ya mzazi liandikwe kwa rangi nyekundu.

Shangazi_Igoma
Baba Kulwa umekaa kimya. Halafu kuna kitu kinanisumbua tangu jana. Jina lako. Kulwa yupo. Doto anabaki na nani?

Nkoi_wa_Magu
😳

Baba_Kulwa
Doto yupo, naye anasafiri. Nilitaka kwanza nijue gharama ya mmoja halafu nizidishe mara mbili.

MamaPampasi
HAIZIDISHWI MARA MBILI! Mtu mzima mmoja anaruhusiwa mtoto mmoja wa mapajani. Mmoja! Wa pili lazima awe na kiti, na kwa umri huo wanataka kiti maalumu cha mtoto kinachokubalika na ndege, siyo kumfunga tu na mkanda. Tarehe 20 ukitokea kaunta peke yako na mapacha wa chini ya miaka miwili, utaishia kupiga nao picha nje.

Rubani_wa_Mezani
Na hata mkiwa wawili, ndege nyingi haziwaweki watoto wawili wa mapajani upande mmoja wa safu moja. Juu ya kila safu barakoa za oksijeni za ziada ni chache. Mtakaa safu tofauti.

Mjasiria_Mali
Kwa hiyo kwenda anahitaji watu wazima wawili, kurudi wakiwa wameshatimiza miwili anaweza mwenyewe lakini analipia viti vitatu. Hesabu imegeuka kabisa.

Baba_Kulwa
Na kama tukienda baada ya tarehe 27?

MamaPampasi
Basi viti vitatu kwenda, vitatu kurudi, na mtu mzima mmoja kwa watoto wawili wenye kiti kwa kawaida inakubalika, ila piga simu kampuni yenyewe wakuambie. Na Krismasi mama yao anakula na nani?

Baba_Kulwa
Ndiyo tatizo. Ameshanunua mbuzi.

Mgogo_wa_Kizota
SGR watoto wawili, hawalipi wote. Nimesema tu.

Konda_Mstaafu
Mapacha kwenye basi unanunua viti viwili, mmoja kushoto mmoja kulia, wewe unawapakata kwa zamu. Na kondakta mwelewa anakushikia mmoja mkishuka. Mimi nimeshika wengi.

Shangazi_Igoma
Konda leo umesema neno la maana, weka akiba. Ila Desemba na mapacha peke yako kwenye basi, hapana jamani. Baba Kulwa huna mdogo wako? Shemeji? Dada wa nyumbani?

Baba_Kulwa
Dada anaenda kwao Lushoto tarehe 18. Mdogo wangu yupo ila anasema ndege inamtisha.

Nkoi_wa_Magu
Mwenye kuogopa ndege ndiye abebe mtoto? 😂 Watalia watatu.

Mjasiria_Mali
Weka tangazo hapa: anatafutwa mtu anayekwenda Mwanza tarehe 20 asubuhi, ambebe Doto.

NesiWaZamu
Mtoto humpi mtu wa mtandaoni jamani, hata kwa saa moja na nusu.

Shangazi_Igoma
Mimi nashuka Dar tarehe 15 kwa harusi, narudi Mwanza tarehe 21. Siyo 20.

Baba_Kulwa
Shangazi nakuja inboksi.

Konda_Mstaafu
Shangazi ukitoka Mwanza tuletee sato. Ndege wanaruhusu?

Shangazi_Igoma
Wanaruhusu akiwa amegandishwa na kufungwa vizuri, anaenda kwenye mzigo wa chini. Ukimweka kwenye boksi la kawaida anavuja na abiria wenzako hawatakusahau.

Mgogo_wa_Kizota
Kwa treni boksi unakaa nalo mwenyewe.

Nkoi_wa_Magu
Kuna mtu anajua bei ya sato kilo pale Kirumba wiki hii?