Nachora komiki za vijana nikiwa Lamu, kazi hii inaweza kunilisha kweli?

mchora_langoni:
Asalaam aleykum wadau. Niko Lamu, mtaa wa Langoni, miaka 23. Nina komiki ya wasichana wawili wa fomu tatu, kurasa 64 nishazipiga wino, mmoja anampenda mwenziwe na hajui amwambieje. Mimi mwenyewe ni kuchu, yaani napenda wa jinsia yangu, na hapa nyumbani anayejua ni dadangu peke yake. Nimefuatilia ND Stevenson, mchoraji wa Marekani, alianza kuweka komiki yake Nimona mtandaoni 2012 akiwa bado chuo cha sanaa, 2015 ikawa kitabu, 2023 ikawa filamu. Alice Oseman wa Uingereza pia, komiki yake Heartstopper ya wavulana wawili wanaopendana aliianza mtandaoni 2016 na kitabu cha kwanza akakichapisha mwenyewe kwa michango ya wasomaji kabla ya mchapishaji mkubwa kuja. Nasoma hayo nafurahi sana, kisha nanyanyua macho dirishani naona punda wanapita na magunia ya mchanga na najiuliza kwangu mimi njia hiyo inaanzia wapi. Niiweke mtandaoni bure? Nitumie jina langu? Nauliza kwa sababu kuna shirika niliwachorea kijitabu cha afya kurasa 20, wakanilipa nusu, halafu michoro yangu nikaikuta kwenye mabango bila jina langu, na hii ya sasa nikiibiwa sijui nitafanyaje.

brashi_malindi:
Waleykum salaam mdogo wangu, pole kwa hilo la mabango, mimi nachora huku Malindi mwaka wa 15 sasa na yamenikuta hayo hayo. Jambo la kwanza, kazi uliyoibuni mwenyewe bila kuagizwa na mtu, ukishaichora tu ni yako kisheria hata kabla hujaisajili, lakini isajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, upate cheti, siku ya ugomvi cheti ndicho kinachosema. La pili, usimpe mtu faili kubwa kabla ya mkataba, tuma ndogo yenye jina lako katikati ya picha, si pembeni maana pembeni wanakata. Na mkataba usome neno kwa neno. Kuna haki ya kuchapa, ya kutafsiri, ya filamu, ya fulana, kila moja ina bei yake na wewe mwenye kazi ndiye unayeamua unauza ipi, wengi tunasaini karatasi moja tunauza zote kwa pesa ya kodi ya mwezi mmoja. Pia usidhani wale uliowataja walivuka kwa ulaini, studio iliyokuwa ikitengeneza filamu ya Nimona ilifungwa 2021 kazi haijaisha, ikakaa mpaka wengine wakaichukua. Kilichoisaidia ni kwamba kitabu kilikuwa kishakamilika na kina wasomaji wake. Kwa hivyo maliza hadithi yako mpaka mwisho kwanza. Mkate wa kila siku utautoa kwenye kazi nyingine kwa miaka kadhaa, mimi mpaka leo naandika majina kwenye mashua na mabango ya hoteli na sioni aibu.

somo_wa_shela:
Mwanangu mimi si mchoraji, nimesomesha Kiswahili miaka mingi, ila jambo hili limenigusa. Lugha yetu ukisema "anampenda" haisemi ni mwanamke wala mwanamume, mshairi anaweza kujisitiri humo maisha yake yote, lakini wewe unachora na picha haijifichi, uso utaonekana. Ndiyo maana ujasiri wako ni mkubwa kuliko unavyojijua. Nina swali, hao wasichana wako wanaitanaje? Maana huku kwetu mwanamke humwita rafikiye shoga bila ubaya wowote na barabarani neno hilo hilo ni la kumrushia mtu kumuumiza, ukilitumia litumie ukijua linabeba yote mawili.

wakili_mtaani:
Kuhusu jina, dada, tumia la kalamu. Kifungu cha 162 cha sheria ya jinai ya Kenya, kinachoharamisha mapenzi ya jinsia moja, bado kipo na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Kifungu hicho kinahusu kitendo, si hadithi, lakini mji ni mdogo na watu hawasubiri mahakama. Fungua barua pepe mpya isiyo na namba yako ya simu na usichore mlango wa nyumbani kwenu, milango ya Lamu inajulikana mmoja mmoja. Mkataba unaweza kuwa na jina lako halisi na kitabu kikatoka kwa jina la kalamu, hilo ni jambo la kawaida.

mchora_langoni:
Shukran jamani, nimesoma nikalia kidogo. Mlango ni kweli, uko ukurasa wa 9 na nakshi zake zote, naubadilisha leo. Somo, wanaitana shoga, na ukurasa wa 41 hauna maneno hata moja, ni mkono tu unamfunga mwenziwe kikuba kwenye nywele, asumini zimeanza kugeuka rangi ya chai na vidole vinachelewa kuondoka. Nilikuwa nimeweka pale puto la maneno la "nakupenda" nikalifuta kwa rangi nyeupe, nikaona mkono umeshasema. Brashi, zimebaki kurasa kama 30, nikizimaliza naweza kukutumia, ndogo, yenye jina katikati?

brashi_malindi:
Tuma. Na hiyo ya 41 usiiguse tena.